Lini Tupige Makofi? Besiboli na Kriketi kwa Kiswahili

Wengi wetu tulikuja Texas tukiwa na mpira mmoja tu kichwani, ule wa miguu. Hapa tukawakuta jirani zetu na mipira mingine miwili, yote midogo, yote migumu kama jiwe, na yote ikichezwa na watu ambao muda mwingi wamesimama tu. Mji wa Arlington una uwanja wa Texas Rangers, mabingwa wa besiboli wa mwaka 2023. Mji jirani wa Grand Prairie una uwanja wa kriketi ambao ulianza mwaka 2008 kama uwanja wa besiboli, ukabadilishwa, ukafunguliwa upya mwaka 2023. Mkaaji wa Dallas ana michezo yote miwili mlangoni.

Tungeweza kuishi miaka yetu minne hapa bila kujua kinachoendelea humo, na wapo waliofanya hivyo wakahitimu salama. Kilichotukalisha chini ni jambo la mwenzetu mmoja. Mdogo wake wa kiume anacheza besiboli katika timu ya shule yake ya sekondari. Mama yao ni mzaliwa wa Bukavu, Kiingereza chake ni cha kazini na dukani, na mechi ya mwanawe haikosi. Tatizo ni makofi. Siku moja kijana alikimbia kwa kasi kuelekea kituo cha kwanza, akatolewa, na mama akashangilia peke yake jukwaa zima, kwa kuwa alichokiona yeye ni mtoto wake akikimbia vizuri. Kijana akamwomba dada yake amwambie mama abaki nyumbani.

Dada mtu alileta habari hiyo kwenye kikao chetu. Hakuja kulalamika, alitaka maneno. Kanuni anazijua, ila anazijua kwa Kiingereza. Alipojaribu kumweleza mama kwamba kaka "amepigwa straiki mbili", mama aliacha kupika akauliza ni nani aliyempiga mwanawe, na walimu walikuwa wapi.

Basi tukaanza na tunachokijua. Wa Tanzania Bara wana rede, wa Zanzibar wana nage, wa Kenya wana kati, na ukiwauliza watu wa pande hizo tatu kila mmoja atakuambia wa kwao ndio wenye kanuni sahihi. Kiini ni kimoja: yuko anayerusha, yuko aliye hatarini, na ukipatwa na mpira umetoka, mwenzako anaingia. Katika besiboli aliye hatarini hakwepi. Amepewa gongo ajitetee, na tishio si mpira kumgusa mwilini. Akigongwa na mpira aliojaribu kuukwepa, kwa kawaida yeye ndiye anayefaidika: anapewa kituo cha kwanza bure.

Besiboli, tukamwambia mama kupitia bintiye, ni safari ya kurudi nyumbani. Kuna vituo vinne vilivyopangwa kama almasi, kila kimoja mita 27 na kitu kutoka kwa mwenzake. Mpigaji anasimama nyumbani. Akiupiga mpira ukaangukia ndani ya mistari miwili inayotanuka kutoka miguuni pake, ni lazima akimbie; hana hiari. Akipita kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu na kufika nyumbani, timu yake imepata pointi moja. Hahitaji kumaliza safari kwa pigo moja. Anaweza kukaa kituo cha pili akisubiri mwenzake apige, kama abiria aliyekwama Morogoro akingojea basi la kuendelea Dodoma.

Njia za kutolewa tulizifanya nne. Ya kwanza, makosa matatu: kurusha gongo ukaukosa mpira, au kuuacha mpira mzuri upite juu ya kibao cha nyumbani, kati ya magoti na kifua. Hapo ndipo lile neno straiki lilipotusumbua, kwa sababu kwa Kiingereza linamaanisha pigo, na mtu hupewa hasa pale ambapo hakupiga kitu. Tukaliita kosa. Ya pili, mpira wako kudakwa kabla haujagusa chini. Ya tatu, kuguswa na mpira ukiwa njiani, hujakanyaga kituo. Ya nne ndiyo iliyomchanganya mama siku ile, na tuliitumia jioni nzima: mpira kufika kituoni kabla yako wakati huna pa kurudi. Kituo kimoja hakikai watu wawili. Mpigaji akishapiga, anakitaka kituo cha kwanza, kwa hiyo aliyekuwa hapo hana budi kuondoka kwenda cha pili, na wa pili aondoke kwenda cha tatu. Anayelazimishwa hivyo hatolewi kwa kuguswa peke yake. Anayedaka akikanyaga tu kituo anachokikimbilia, huku mpira uko mkononi, yametosha. Mtoto wa mama alikimbia vizuri sana. Mpira ulikimbia zaidi.

Watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Wakubwa wanacheza zamu tisa, shule za sekondari saba. Mama alifurahi kusikia kuna mwisho.

Swali lake gumu lilikuwa jingine, nasi tunaliandika kama alivyolisema: "Juu ya nini huyu anatembea pole pole, na hakuna mwenye anamukamata?" Alikuwa amemwona mpigaji akiweka gongo chini na kwenda kituo cha kwanza kama anayetoka msikitini. Jibu ni kwamba mrushaji naye ana mipaka. Akirusha mipira minne mibovu, iliyo nje ya ile nafasi kati ya magoti na kifua, na mpigaji akaiacha yote, mpigaji anapewa njia. Tuliita ruhusa. Mama akasema sasa ameelewa kwa nini watu hushangilia mtu aliyesimama bila kufanya lolote: kumbe kuacha nako ni kazi. Tangu siku hiyo, bintiye anasema, akiona mpira mbovu umeachwa huitikia kwa kichwa kama mzee wa baraza.

Kriketi iliingia kikaoni kwa mlango wa nyuma. Wanaoshiriki nyumba na wanafunzi wa India na Pakistan walishasikia kelele za usiku wa manane kutoka sebuleni, wakataka nayo ifafanuliwe. Tena ilibainika kwamba huu ndio mchezo wenye historia nasi. Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza ikafungwa mechi zote tatu. Mwaka 1996 Kenya iliwafunga West Indies mjini Pune, na mwaka 2003 ikafika nusu fainali chini ya Steve Tikolo. Wapo wanaosema ilisaidiwa na New Zealand kukataa kwenda kucheza Nairobi. Wakenya wetu wanajibu kwamba Sri Lanka walikwenda, na walifungwa.

Ukitoka kwenye besiboli, badilisha vitu vitatu na kriketi itafunguka. Kwanza, mpigaji wa kriketi analinda mali. Nyuma yake kuna vijiti vitatu vilivyosimama, urefu wa sentimita 71, na mrushaji anavitafuta hivyo. Vikiangushwa na mpira, ametoka. Ndiyo maana kibao chake ni kipana na bapa, cha kuzuia kama cha kupiga, wakati gongo la besiboli ni la mviringo na kazi yake ni kushambulia. Mrushaji huja mbio, mkono umenyooka, na mara nyingi mpira huruka kutoka ardhini kabla ya kumfikia mpigaji. Yule wa besiboli husimama mahali pamoja, na mpira wake ukigusa ardhi kwanza ni mbovu.

Pili, hakuna mistari ya kumbana. Anaweza kupiga mbele, pembeni, hata nyuma yake. Na akishapiga halazimiki kukimbia. Wapigaji wako wawili uwanjani kwa wakati mmoja, mmoja kila upande wa kijia cha mita 20. Wakibadilishana nafasi bila vijiti kuangushwa wamepata mkimbio mmoja. Mpira ukitambaa hadi mpakani ni mikimbio minne, ukivuka hewani ni sita, na hapo hata kutembea si lazima.

Tatu, na kwetu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, akitolewa hasamehewi. Mpigaji wa besiboli hurudi mara nne hivi katika mechi moja, na anayepata pigo safi mara tatu katika kila kumi huhesabiwa hodari. Wa kriketi akitolewa kwa mpira wa kwanza, huo ndio mwisho wa zamu yake. Anakwenda kuketi na kuwatazama wenzake kwa saa nzima. Lakini asipotolewa anaweza kubaki hapo siku mzima, akapata mikimbio mia peke yake. Mwenzetu mmoja wa uhandisi alisema besiboli inafanana na mazoezi ya kila wiki na kriketi na mtihani wa mwisho. Mwalimu wetu aliyekuwepo hakupenda mfano huo, ila hakuupinga.

Mirusho sita ni ova moja, kisha mwingine anarusha kutoka upande wa pili. Mchezo mfupi una ova 20 kwa kila timu. Timu ina watu 11, na wakitolewa kumi imekwisha, kwa sababu wa mwisho hana wa kubadilishana naye nafasi. Kila anayetolewa huitwa wiketi. Ukijua hilo unaweza kusoma matokeo. Juni 2024, katika Kombe la Dunia la ova 20, Papua New Guinea walipata 77, wote wakatolewa. Uganda wakafika 78 wakiwa wamepoteza wiketi 7, kwa hiyo wanaandikiwa ushindi wa wiketi 3, zile zilizobaki. Huo ulikuwa ushindi wao wa kwanza katika mashindano hayo. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu. Siku iliyofuata, hapa hapa Grand Prairie, Marekani na Pakistan walitoka sare ya 159, wakapewa ova moja moja ya kuamua, na Marekani wakashinda. Majirani zetu wa sebuleni hawakuzungumza siku mbili.

Michezo hii si mgeni na mwenyeji kama inavyodhaniwa. Marekani na Kanada zilicheza kriketi New York mwaka 1844, kabla besiboli haijawa mchezo wa taifa, na Henry Chadwick, mwandishi aliyewafundisha Wamarekani kuandika takwimu za besiboli, alikuwa Mwingereza aliyeanza kwa kuripoti kriketi. Na besiboli nayo imekwishafika kwetu. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafuzu tena, wakafika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza hapo. Tulipomsimulia mama huyo habari za viza, hakuuliza tena juu ya kanuni jioni ile. Alitaka kujua kama wale wa 2011 walikuja kupata nafasi nyingine. Mtoto wa miaka 12 mwaka ule, mwaka uliofuata umri umempita.

Anaendelea kwenda kwenye mechi, na kijana hajamwambia tena abaki nyumbani. Hesabu ya waliotolewa anaiweka kwa vidole, kwa sauti, na mzazi mmoja wa Mexico anayekaa karibu naye amejifunza "wawili" na "watatu".

Orodha yetu ya maneno iko tayari kwa anayeitaka: kosa, ruhusa, kituo, nyumbani, mkimbio, ova. Neno moja limetushinda, la mpira uliopigwa ukatoka nje ya mistari. Mzanzibari mmoja alipendekeza mpira haramu, kikao kikavunjika kwa kicheko. Mama hakusubiri kikao. Mpira ukitoka nje husema "bule", yaani bure, hauna kitu. Mwalimu ameleta pingamizi kwamba si bure kabisa, kwani mara mbili za mwanzo unahesabiwa kuwa kosa. Mama ameambiwa, na amejibu kwamba mwalimu aje uwanjani.