Muulizeni Baba

Juzi tulikuwa tukimpima bibi arusi gauni, tukamuuliza mahari yake atayafanyia nini. Akajibu, "Muulizeni baba." Tukacheka, kisha tukanyamaza.

Tukakumbuka tuliyosoma kuhusu vijiji vya Ireland, zama za mabibi zao. Mshenga wakimwita basadóir. Posa nyingi zikipangwa majira ya baridi, maana Kwaresima kwao Wakatoliki hakukuwa na harusi. Wazee wa mwanamke wakienda kwanza kukagua shamba la mume, wahesabu ng'ombe, watazame na nyumba. Hapo tukasema, naam, hata sisi huulizia.

Lakini kule mtoaji alikuwa baba wa bibi arusi! Na hela haikupita mkononi mwa binti. Ilikwenda kwa baba mkwe, na mara nyingi ndiyo aliyoozewa wifi mtu. Fungu likitosha binti mmoja tu, basi dada zake wengi walipanda meli kwenda Marekani kutafuta kazi.

Sie cherehani yetu ya kwanza tuliinunua kwa mahari, wala mtu hakutuuliza. Yule bibi arusi anarudi Alkhamisi kujaribu gauni. Tumemwambia aje na mama yake.