Bustani ya Vipepeo Kando ya Msikiti wa Kale wa Gede

Mtu atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa njia ya nchi kavu hupita juu ya daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 mahali ambapo hapo kwanza watu walivushwa kwa feri. Akiendelea kaskazini, huona upande wake wa kushoto msitu ulioshikamana, mrefu, usiokwisha upesi machoni. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kiasi cha kilomita za mraba 420. Zamani misitu ya namna hiyo iliambaa pwani yetu mahali pengi. Leo huo ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia katika misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake mna zaidi ya aina 250 za vipepeo, na mna sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama ambaye makao yake makuu ulimwenguni ni hapo.

Wasafiri wengi hupita mbio, kila mmoja akiwahi shughuli zake Malindi au akielekea pwani ya Watamu. Lakini kiasi cha kilomita 16 kabla ya kufika Malindi pana mahali pa kushuka na kutulia, napo ni Gede. Hapo palikuwa na mji wa Waislamu wenye kuta, nyumba za mawe na visima virefu, uliositawi kwa karne kadhaa, kisha watu wake wakauhama katika karne ya 17. Msikiti wake mkubwa wa Ijumaa ungali una kibla chake, na kisima na birika la kutawadhia. Liko pia kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. James Kirkman alianza kupachimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 mji huo ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mibuyu na mikwaju imeota baina ya kuta, na kima huruka juu ya kuta hizo kana kwamba wao ndio warithi wa wenye mji.

Khabari za magofu hayo zimekwisha kuandikwa na wengi walio wajuzi. Mimi nataka kusimulia jambo jingine lililo katika uwanja huo huo, ambalo wageni hulitazama kwa dakika chache kisha wakaenda zao, nalo ni bustani ya vipepeo.

Asili yake ni hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi katika wakulima wanaopakana na msitu waliona kwamba msitu hauwafai kitu. Ndovu walitoka wakala mahindi yao, na nyani wakafanya vivyo hivyo. Ardhi ya kulima ilikuwa haba, na watoto wanaongezeka. Basi wakataka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Hatuwezi kuwalaumu watu wenye njaa kwa kutamani ardhi. Mwaka 1993 ukaanzishwa hapo Gede mradi ulioitwa Kipepeo, ambao uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Shabaha yake ilikuwa moja: mkulima apate riziki kutokana na msitu uliosimama, ili yeye mwenyewe awe mlinzi wake.

Kazi yenyewe si ngumu kuifahamu, lakini yataka subira. Mkulima huingia msituni kwa ruhusa akashika vipepeo wachache majike, akawatia katika kizimba cha wavu pamoja na mmea ambao aina hiyo huutagia. Jike hutaga; mayai huanguliwa yakawa viwavi; viwavi hulishwa majani ya mmea ule ule mpaka wakashiba na kukua. Kisha kila mmoja hujifungia ndani ya ganda, na hapo huitwa pupa. Pupa hupelekwa Gede, zikachaguliwa, zikafungwa vizuri na kusafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, ambako ziko nyumba za vioo wanamofugwa vipepeo ili watu wawatazame. Yote hayo hutakiwa yafanywe kwa haraka, kwani pupa haingoji. Siku zake zikitimia kipepeo hutoka, hata kama yumo sandukuni njiani.

Nilipofika huko na vijana wa chuo changu, mmoja wao alisimama mbele ya kichaka ambacho majani yake yalikuwa yametobolewa yote, mengine yamebaki mishipa mitupu. Akamwuliza mama mmoja aliyekuwa akitunza mimea: "Mama, mbona majani haya yameliwa hivi, wala hamyatii dawa?"

Yule mama akacheka, akamjibu: "Mwanangu, hayo yaliyoliwa ndiyo mavuno yetu. Yasipoliwa, hatuna tulichovuna."

Naliona neno hilo lafaa kuandikwa, kwa kuwa ndani yake mna elimu nzima ya bustani. Wengi wetu tukitaka kupamba nyumba zetu hutafuta maua yenye rangi kali, tukapanda boganvilia ukutani, kisha tukastaajabu kuona bustani imenyamaza, haina ndege wala kipepeo ila wa kupita. Boganvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Ni nzuri kwa macho, lakini viwavi wa nchi hii wengi hawalijui jani lake. Kipepeo aliyekua hutosheka na maji matamu ya maua ya namna nyingi, ila mtoto wake hakubali kila jani. Kila aina ina mimea yake michache, na nyingine haina ila mmea mmoja au jamii moja ya mimea. Mmea huo ukiondoka, na kipepeo huondoka, hata kama maua yamejaa uwanja mzima. Wazee wetu walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Basi na tuseme: apendaye kipepeo na amstahimilie kiwavi.

Mfano ulio karibu nasi ni mlimau au mchungwa ulio nyuma ya nyumba. Tazama majani yake machanga. Huenda ukaona kitu kidogo cha rangi ya kahawia na nyeupe, ukidhani ni kinyesi cha ndege. Huyo ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, na umbo lile ni la kujificha, maana hapana ndege atakaye kula kinyesi. Akikua hugeuka kijani. Ukimgusa, hutoa kichwani pembe mbili laini za rangi nyekundu zenye harufu kali, akakutisha nazo, na kumbe hana sumu wala mwiba. Mlimau si mti wa asili ya huku, umetoka Asia. Lakini ni wa ukoo mmoja na miti kadhaa ya msituni ambayo kipepeo huyo alikuwa akiitagia tangu zamani, kwa hiyo akaukubali. Kadhalika mtopetope una vipepeo wake, walio jamii nyingine.

Na mfano wa ajabu zaidi ni kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na nyeupe za mabawa, aonekanaye kila mahali pwani. Viwavi wake hula mimea ya porini yenye utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu ule una sumu. Kiwavi haimdhuru, bali huiweka mwilini, nayo hubaki hata awapo kipepeo. Ndege akimla mara moja hutapika, na hamgusi tena. Yuko kipepeo mwingine ambaye jike lake limevaa rangi zile zile, ingawa yeye hana sumu, na ndege humwacha kwa kumdhania ni yule wa kwanza. Siku moja ya kutazama mambo hayo humfundisha kijana kuangalia kwa makini kuliko maneno mengi ya mwalimu.

Najua yatakayosemwa na akina mama wenye nyumba, nao wana haki. Watasema: viwavi ndio wanaomaliza mahindi yetu, na sasa twaambiwa tuwafuge? Jawabu ni kwamba viwavijeshi, pamoja na wale wavamizi walioingia Kenya mwaka 2017, ni watoto wa nondo wanaopenda mahindi na nafaka. Kiwavi wa mlimau hagusi hindi, ukimweka juu yake atakufa kwa njaa. Adui mmoja asituchukize kabila zima. Wako pia viwavi washa, wenye malaika yanayounguza ngozi. Hao watoto wafundishwe kuwatambua na kutowashika. Na khofu ya nyoka huondolewa kwa kupanda mbali kidogo na mlango na kutorundika kuni na mawe karibu na nyumba. Tena maji yasiachwe yakatuama, maana hapo watazaliwa mbu.

Amma mimea ya kwetu yenye maua, si haba. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na harufu ya ua lake haihitaji sifa yangu. Wanawake wa pwani wanaijua tangu kwa bibi zao. Kivumbasi huota bila kubembelezwa, na kikichanua hujaa nyuki tangu asubuhi. Nyuki ambao Mwenyezi Mungu ameiita sura moja katika Kurani kwa jina lao. Mshubiri hustahimili ukame, na maua yake marefu yenye umbo la mrija humwita chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda na manyoya yanayong'aa. Chozi mwenyewe hunywa maji matamu ya maua, lakini makinda yake huyalisha wadudu na buibui. Basi anayepiga dawa bustani nzima amemnyima chozi chakula cha watoto wake, hata kama amempandia maua mia. Na mwenye uwanja mpana aliye na mbuyu asiukate: ua lake jeupe hufunguka jioni, na usiku popo na komba huja kunywa humo. Hapo bustani hufanya kazi wakati sisi tumelala.

Mtu ataanzaje? Achague pembe moja ya uwanja, hata kama ni hatua nne kwa hatua nne, aache kuifagia mpaka udongo ukawa mtupu. Asing'oe miche msituni, kwani kuubomoa msitu ili kupamba nyumba si bustani; achukue mbegu au vipande kwa jirani aliye nayo. Apande machache mwanzo wa masika, mvua imsaidie kumwagilia. Kisha atazame ni nani anayekuja, na majani yakianza kuliwa asikimbilie dawa.

Liko jambo moja zaidi lililonitia fikira huko Gede. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa tangu Machi mpaka Julai. Kazi iliyoegemea wanunuzi wa ng'ambo na wageni watalii yaweza kufungwa kwa tangazo la siku moja. Fedha ya pupa imewafaa wengi, nasi twaiombea baraka; lakini kipepeo asiyekuwa na thamani ila bei yake, siku bei ikianguka hatakuwa na mtetezi. Anayedumu kumtetea ni yule aliyemjua tangu utotoni, akamwona akitoka gandani katika uwanja wa nyumba yao, mabawa yamekunjamana na kulowa, akangoja pamoja naye mpaka yakakauka.

Nayo maarifa ya kumjua yamo mikononi mwa watu wazima walio hai leo. Yule mama wa Gede aliwatajia vijana wangu majina ya mimea zaidi ya kumi bila kusita, kila mmoja na mdudu wake na dawa yake. Vijana walijua mimea miwili. Jina la mmea likipotea, hupotea na sababu ya kuuacha uishi. Hubaki magugu tu, na magugu dasturi yake ni kung'olewa. Udongo uwahi ungali maji. Kila mzazi na amchukue mwanawe kwa babu au bibi yake, wazunguke uwanja mara moja, waandike majina katika daftari.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwislamu apandaye mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Tazameni upana wa fundisho hilo: halikusema kwamba mwenye kula atuombe ruhusa kwanza. Basi pembe ya uwanja iliyotobolewa majani na viwavi si aibu ya nyumba. Jirani akiuliza kwa nini hatuipigi dawa, tumwite aingie, tumwonyeshe anayekula, na tumtajie jina la mmea anaoula.