Barua ya Mwenye Gari: Kutoka Skagway hadi Horohoro

Karatasi yenyewe ni moja tu, imekunjwa mara mbili, nami nimeiweka ndani ya pasipoti yangu tangu Julai. Juu ina namba za gari, chini ina saini ya kijana aliyenikodishia, na katikati mna mistari mitatu inayosema kwamba mwenye gari ameniruhusu nilitoe Alaska, niliingize Canada na kulirudisha siku hiyohiyo. Mume wangu huniuliza naitunza ya nini karatasi iliyokwisha kazi yake. Leo namjibu kwa kirefu, na ninyi wasomaji wangu msikie, maana karatasi hiyo imenirudisha kwenye barabara ya kwetu, ile itokayo Tanga kwenda Mombasa.

Saa chache za nchi kavu

Tulipanda meli ya kitalii Seattle, mji tunaoishi jirani yake mwaka wa tisa sasa. Baada ya siku kadhaa baharini ikafunga gati Skagway, mji mdogo mwishoni mwa mkono mrefu wa bahari, umebanwa na milima kila upande. Wakazi wake wa kudumu ni kama 1,200 tu, lakini kiangazi, zikifunga meli tatu nne kwa pamoja, wageni wa siku moja huzidi 10,000. Wengi wao hupanda treni ya White Pass, reli nyembamba iliyojengwa kati ya 1898 na 1900. Sisi tulitaka kusimama pale tutakapo, tukachagua gari.

Wanaosafiri na meli hizi wanaijua kanuni: ukishuka na ziara iliyoandaliwa na meli yenyewe, mkichelewa mtangojwa. Ukishuka kivyako, hungojwi. Meli haina mjomba. Tulifika saa moja asubuhi na tulitakiwa tuwe tumeshapanda kabla ya saa mbili usiku, saa ambayo kule, mwezi wa saba, jua bado liko juu.

Gari nilikuwa nimelikodi miezi miwili kabla, kwa intaneti. Katika fomu palikuwa na swali moja dogo: je, utavuka mpaka? Nikajaza ndiyo. Basi tulipofika ofisini kijana alikuwa ameshaiandaa ile barua, pamoja na kadi ya bima inayokubalika Canada. Akatuzungusha kulikagua gari. Mlango wa nyuma ulikuwa na mkwaruzo, akaupiga picha, nami nikaupiga. Tangi limejaa, akasema, nalo lirudi limejaa. Akazuia dola kadhaa kwenye kadi yangu ya benki ziwe dhamana. Halafu akanikabidhi ufunguo na neno moja la mwisho: barua hii usiitie kwenye buti, kaa nayo karibu. Dakika kumi na tano hazikwisha tukawa barabarani. Hakuniuliza mimi mtoto wa nani, wala nani ananijua pale mjini.

Mlima, farasi na tani ya chakula

Barabara ya Klondike Kusini haikupi muda wa kujizoeza. Unatoka usawa wa bahari, na baada ya kilomita 23 tu uko kwenye kilele cha White Pass, mita 1,000 hivi juu. Maji yanaporomoka kutoka kwenye miamba karibu na kioo chako, na ng'ambo ya bonde unaiona njia ya reli imeng'ang'ania ubavuni mwa mlima kama uzi.

Bonde hilo ndilo walilopanda watafuta dhahabu wa mwaka 1897 na 1898. Farasi wapatao 3,000 walikufa humo kwa njaa, kwa mizigo na kwa kuanguka, hata sehemu moja ikapewa jina la Bonde la Farasi Wafu. Kileleni waliwakuta polisi wa Canada, na sharti lao lilikuwa moja: hapiti mtu asiye na chakula na vifaa vya mwaka mzima, mzigo uliokaribia tani moja kwa kila kichwa. Waliohofiwa kufa njaa kule ndani walizuiliwa palepale juu.

Ukivuka kilele hukuti ofisi. Ofisi ya forodha ya Marekani umeiacha nyuma, kilomita 11 tu kutoka mjini, na ya Canada iko mbele, mahali paitwapo Fraser. Kati ya ofisi hizo mbili ni zaidi ya kilomita 20 za mawe, vidimbwi na miti mifupi iliyopindwa na upepo. Kila nchi inamkagua anayeingia kwake. Pale Fraser ofisa alikuwa kibandani. Pasipoti zetu za Tanzania, kadi zetu za ukaazi wa Marekani, kisha swali: gari la nani? Nikatoa barua. Akaisoma, akachungulia namba za gari, akanirudishia. Mnakwenda wapi? Ziwa Emerald. Mnarudi lini? Leo. Pitani.

Kutoka hapo vibao vikageuka kutoka maili kuwa kilomita, na tulipoingia eneo la Yukon simu zetu zikaruka saa moja mbele. Mume wangu akaivua saa yake ya mkononi iliyokuwa na saa za meli, akaiweka juu ya dashibodi, ikawa ndiyo dira yetu. Tukapita Carcross, kilomita 105 hivi kutoka Skagway, urefu wa kama Mombasa hadi Lunga Lunga. Jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya kivuko cha kulungu wa kaskazini. Pana vilima vya mchanga vya kama kilomita mbili na nusu za mraba, vilivyoachwa na ziwa la kale la barafu iliyoyeyuka. Mbele kidogo tukalikuta ziwa Emerald. Chini ya maji yake yasiyo na kina umetulia udongo mweupe wa chokaa, mwanga ukiupiga unarudi na rangi ya kijani kibichi cha kioo, na ukiingia kilindini unageuka samawati iliyoiva. Tulikaa pale nusu saa nzima bila kusemezana.

Lakini mengi niliyoyajua siku ile niliyasoma kwenye vibao vya njiani. Garini tulikuwa wawili, na hapakuwa na mtu wa kutuambia, hapa ndipo.

Nyumbani, chini ya kawa

Mtu huyo nilikuwa naye utotoni. Mjomba wangu aliendesha lori kati ya Tanga na Mombasa miaka mingi, na likizo za shule alikuwa akinichukua. Kila kona aliijua: mnazi huu ulipigwa radi, duka lile mwenyewe ni Mdigo wa Duga aliyeoa Msambweni, hapa mvua zikizidi hapapitiki.

Mwaka juzi nilikwenda likizo, nikataka niipite tena barabara hiyo, kwenda Ukunda, Kenya, kwa shangazi. Binamu akanitafutia gari kwa mtu wanayefahamiana naye. Tulimalizana kwenye simu. Bwana yule alipolisikia jina la baba akasema, "Wewe mtoto wa marehemu mzee? Njoo ulichukue." Hapakuwa na fomu, picha wala dhamana. Nilijisikia vizuri mno. Nikaona kweli nimerudi kwetu, mahali ambapo jina la baba linatosha.

Lilitosha hadi mpakani. Watu wa uhamiaji walinihudumia kwa dakika kumi, na sehemu hiyo naisifu kwa moyo wote. Kati ya Horohoro ya Tanzania na Lunga Lunga ya Kenya kuna kituo cha pamoja: unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia, na maofisa wa Tanzania na wa Kenya wamekaa dirisha kwa dirisha. Huombwi viza. Mihuri miwili, karibu dada, safari njema.

Kisha nikafika forodha.

"Dada, gari hili ni lako?"

"Nimelikodi."

"Kadi ya gari?"

Nikatoa nakala kivuli. Akataka halisi. Akaulizia barua ya mwenye gari, akaulizia kadi ya njano ya COMESA, bima inayolivusha gari kutoka nchi hadi nchi. Sikuwa na kimoja. Yule ofisa hakunikaripia, wala sina cha kumlaumu. Magari huibwa, naye yuko pale kuhakikisha hayapiti. Nikampigia mwenye gari. Alikuwa mazikoni Pangani, simu imezimwa.

Nilikaa kwenye benchi la mama anayeuza chai na mihogo tangu saa nne asubuhi. Alasiri ikanikuta palepale. Kadi halisi ikaletwa na bodaboda, pamoja na kikaratasi cha ruhusa kilichoandikwa kwa haraka, na bima nikaikata kwa wakala. Ukunda niliingia baada ya Isha. Shangazi alikuwa ameketi barazani. Ndani, mkekani, sinia ya wali wa nazi na samaki wa kupaka ilikuwa imefunikwa kawa tangu adhuhuri. "Nimeipasha mara tatu, mwanangu," akaniambia. Hakusema zaidi ya hapo. Tukanawa, tukala, na wali ulikuwa umeshakauka pembeni.

Mipaka miwili, mistari miwili

Usiku ule wa Skagway, tumesharudi melini, nilimpigia mjomba. Kwake ilikuwa asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Na huko mpakani mmekutana na nani?"

"Hakuna mtu, mjomba. Ofisa mmoja tu kwenye kibanda."

"Basi hamkuvuka mpaka. Mmepita getini."

Nimelitafakari sana neno lake. Mistari yote miwili ilichorwa na wageni. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliuvuta wa kwetu kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, wakaupinda ili Kilimanjaro ibaki upande wa Wajerumani, na Wadigo wakajikuta wana nchi mbili. Mstari wa Alaska uliamuliwa mwaka 1903 na jopo la wanasheria, juu ya njia za milimani ambazo Watlingit, wenyeji wa pwani ile, walikuwa wakizipita kufanya biashara na watu wa bara tangu zamani. Tofauti naiona leo. Kwetu mstari haukuukata undugu. Arusi ya Vanga inasubiri watu wa Tanga, na msiba wa Duga hauziki mpaka wa Lunga Lunga wafike.

Basi hesabuni pamoja nami. Tanga na Mombasa wanaendesha upande mmoja wa barabara, kwa kilomita zilezile, kwa saa zilezile, kwa lugha moja. Hakuna viza, na kituo ni kimoja. Safari yetu ilipaswa kuwa nyepesi mara mbili kuliko ya White Pass. Kilichokosekana ni lile swali dogo la kwenye fomu: utavuka mpaka? Angeniuliza yule bwana wa Tanga siku ya kwanza kwenye simu, vyote vitatu alivyoviulizia ofisa vingekuwa mkononi mwangu kabla sijawasha gari.

Naupenda uaminifu wa kwetu, sitaki ubadilishwe na kadi ya benki. Lakini nimejifunza kwamba uaminifu wa mtu na mtu unaishia pale wanapoishia wanaofahamiana. Ofisa wa Lunga Lunga hamjui baba yangu. Anachoweza kukijua ni kilichoandikwa. Kumwandikia mgeni wako barua si kumshuku. Ni kumsindikiza hadi pale ambapo sauti yako haifiki.

Kwa wanaojiandaa

Wenzangu wa ughaibuni mnaotaka kwenda Skagway: mwenye pasipoti ya Tanzania asiye mkaazi wa kudumu wa Marekani anahitaji viza ya Canada, na suala hilo huanza hata kabla ya gari. Meli za bendera ya kigeni zinazotoka Seattle na kurudi Seattle hulazimika kugusa bandari ya nje, na mara nyingi huwa Victoria, Canada. Mwenye kadi ya ukaazi achukue kadi hiyo pamoja na pasipoti ambayo haijaisha muda. Hakikisheni mkataba unaruhusu kuvuka, jazeni mafuta mapema, pakueni ramani kwa sababu mtandao hukatika milimani, na msiache kufuata saa ya meli.

Na mnaokwenda kwetu: ulizeni kadi halisi, barua na kadi ya njano siku mnayokubaliana bei. Ukiweza, mchukue dereva anayeijua njia hiyo. Gari utalirudisha, ila aliyokusimulia utabaki nayo.

Nami niliporudi kutoka Alaska nilikaa na ile karatasi, nikaiandika upya kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: mimi, mwenye gari namba hizi, nimemkodishia fulani, mwenye pasipoti namba hii, naye ana ruhusa yangu kuliingiza Kenya tangu tarehe hii hadi tarehe hii. Nikamtumia yule bwana wa Tanga. Akanijibu kwa sauti, anacheka kwa furaha: "Dada, kumbe ni hivi tu?" Sasa ana nakala kadhaa ndani ya gari, zinangoja majina tu, na mteja akipiga simu yeye ndiye anayetangulia kuuliza kama atavuka.

Mwezi uliopita binamu yangu alikwenda Ukunda na gari lilelile. Alinipigia kabla ya adhuhuri, nikadhani amekwama Horohoro. Kumbe alitaka nisikie tu. Shangazi alikuwa akiifunua kawa, na akampokonya simu kuniambia kwamba wali bado unafuka moshi.