Nyumba ya Udongo na Tetemeko la Ardhi

Askari aliye lindoni usiku huamini kwamba kuta za nyumba yake zinawahifadhi mke na watoto. Lakini mjini Bam, nchini Iran, alfajiri ya tarehe 26 Desemba 2003, kuta ndizo zilizoua. Ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 6.6 watu wangali wamelala, na nyumba nyingi za udongo zikawafukia. Waliokufa walizidi 25,000.

Kwa misiba ya namna hiyo udongo umetiwa hatiani, na hukumu hiyo si ya haki kamili. Udongo ni mzito. Hustahimili kubanwa, lakini haustahimili kuvutwa. Ardhi inapoyumba, kuta huachana kwenye pembe na kuanguka, na paa zito huwashukia walio ndani. Kosa ni la umbo, na la kuta kukosa kifungo.

Umbo sasa laweza kusaidiwa na mashine. Mwaka 2021, huko Massa Lombarda, Italia, ilikamilika nyumba iitwayo Tecla. Mikono miwili ya mitambo, ikiongozwa na kompyuta, ilimimina udongo laini tabaka juu ya tabaka, zipatazo 350, kwa muda wa saa 200. Ukuta wake ni wa mviringo, nao hupinda taratibu hadi ukawa paa, mithili ya chungu kilichofudikizwa. Hauna pembe za kuachana.

Hata hivyo, mashine haitoi kifungo. Tabaka likikauka kabla ya jingine kuwekwa, hayashikani vema, na ufa hupita hapo. Nchini Peru, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki, mjini Lima, walijenga nyumba za udongo juu ya jukwaa la kutikisa, wakazifunga kwa kamba na nyavu. Zilipotikiswa kwa nguvu, kuta zilipasuka, lakini vipande vilishikiliwa visianguke. Kwa mtoto aliyelala, tofauti ya kupasuka na kuanguka ni tofauti ya uhai na mauti.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyefukiwa hajengi tena. Basi nyumba ikijengwa na mashine, au na mikono ya majirani, mwenyewe na aulize kwanza: ukuta huu umefungwa kwa kitu gani?