Ukumbusho wa Mbaraka



Mbaraka Mwinshehe alifariki dunia Mombasa tarehe 12 Januari 1979, kufuatia ajali ya gari. Baadaye kampuni ya Polygram nchini Kenya ilikusanya nyimbo zake zilizokwisha kutoka katika santuri ndogo, ikazitoa upya katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Marehemu ni mtoto wa mkoa wetu wa Pwani, mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944. Alivuma na Morogoro Jazz, akafika nayo Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1970, kisha akaanzisha Super Volcano mwaka 1973.

Santuri ndogo ilibeba muziki wa dakika chache tu. Mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Mwenye "Shida" nyumbani alimjua Mbaraka wa "Shida". Mwenye "Mtaa wa Saba" alimjua mwingine. Nyimbo zilipowekwa pamoja, ndipo msikilizaji alipokutana na mtu kamili.

Nililitafakari jambo hili baada ya mafuriko ya Aprili 2024. Mama mmoja wa huku deltani alipoteza nyumba, na ndani yake picha zote za marehemu mumewe. Alizililia kuliko alivyoulilia mpunga wake. Jioni moja majirani, wengi wao Waislamu, wakaketi naye. Mmoja akasimulia jinsi marehemu alivyomvusha mgonjwa kwa mtumbwi usiku, asidai nauli. Mwingine akataja deni alilosamehewa. Wa tatu akakumbuka ubishi wake, wote wakacheka. Mama akasema ameishi na mumewe miaka 30, na mawili ya kwanza hakuwahi kuyasikia.

Kila jirani alikuwa ametunza wimbo mmoja. Hata ule wa ubishi ulihitajika. Bila huo mama angerudishiwa malaika, wala si mume.

Lakini Mbaraka hakuisikia Ukumbusho. Marehemu yule naye hakujua kwamba safari ile ya usiku ilikuwa bado inakumbukwa. Sisi hodari wa kusifu kaburini, twaweza kuanza mapema. Juma hili, mwendee mzee mmoja, awe wa dini yoyote, umwambie lile unalolikumbuka kwake, angali anasikia.

Nawatakieni Dominika njema.

Padre wenu