Marumaru ya Rangi na Ukuta Unaokunywa Maji

Mama alipomaliza eda ya marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, sisi watoto wake wanne tulikaa kitako nyumbani kwetu Isevya, mjini Tabora, tukakubaliana kwamba vyumba viwili vya mbele vipangishwe ili mama apate chochote cha kutia mkononi kila mwezi. Mimi, niliyebaki Tabora nikisomesha, nikakabidhiwa kazi ya kuvitengeneza. Fedha zilikuwa kidogo na hamu yangu ilikuwa kubwa: nilitaka ukuta unaotazamana na mlango uwe na sura ya marumaru, na niupake kwa mkono wangu mwenyewe.

Ufundi huo ni wa kale. Mafundi wa Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, walipaka rangi kuta za lipu hata zikafanana na mawe ya thamani. Nasi wa Tabora tumezoea mapambo yaliyosafiri. Pale Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ipo makumbusho ya tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Kuta zake nene ni za udongo, lakini ufundi wa nakshi za mlango wake ni wa pwani, uliopanda na misafara kutoka Bagamoyo. Nikajiambia: ikiwa wazee waliupamba udongo wao, nami nitaupamba wangu.

Nikapanga kazi daftarini. Ukuta una upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.7, yaani mita za mraba 10.8. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili ya rangi nyeupe nikaandika lita 3, kwa kuwa lipu ya zamani hunywa rangi. Juu yake itafuata rangi ya kijivu iliyozimuliwa kwa maji, igusishwegusishwe kwa sponji, kisha ilainishwe kwa brashi kavu kabla haijakauka. Mishipa ya jiwe itachorwa kwa ncha ya unyoya wa kuku, mistari ikienda mshazari na kukutana ovyo, maana mishipa ya marumaru haiendi sambamba. Mwisho vanishi. Nilijaribu kwanza juu ya ubao. Mara ya kwanza ukafanana na ngozi ya pundamilia. Mara ya tatu mama akaugusa ahakikishe kama si jiwe.

Kabla sijaanza, nikamwita fundi mwashi mzee aliyemfahamu baba. Aliinama, akakwangua kwa ukucha sehemu ya chini ya ukuta. Lipu ikamomonyoka pamoja na unga mweupe wa chumvi.

"Mwalimu," akasema, "ukuta huu unakunywa maji."

Akanifundisha kuupima. Nikate kipande cha nailoni, nikibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, nikiache siku mbili. Maji yakionekana upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani. Siku ya pili nikakuta matone. Kwa miaka mingi udongo wa uani ulikuwa umerundikana nje hata ukapita usawa wa sakafu, na paa halikuwa na mfereji. Tofali za udongo zilikunywa mvua, na lipu ya saruji ikazuia unyevu usipate njia ya kutoka.

Usiku ule kaka yangu akanipigia simu kutoka Dar es Salaam. Amepata mpangaji: mume, mke na mtoto mchanga, tayari kulipa miezi sita kwa mkupuo. "Paka tu rangi, dada. Huu ni mwezi wa Mei, mvua zimekwisha. Hakuna atakayejua mpaka Novemba."

Sitaficha: nililifungua tena daftari, nikahesabu mikebe. Miezi sita ya kodi si fedha ya kuchezea, na mama alihitaji dawa. Ni yeye aliyenikuta nikihesabu. Akanikumbusha habari ya Mtume (s.a.w.) aliyepita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka na kukuta chini yake imeloa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu watu waione.

"Huyo naye alisingizia mvua," mama akasema. "Nyumba hii itanilisha, mwanangu. Isinilishe haramu."

Nikajitetea kwamba hata marumaru yenyewe ni uongo, kwani ni rangi tupu. Akatikisa kichwa. Mapambo, alisema, kila mgeni anajua ni mapambo, na akiuliza utamwambia. Lakini kile kilichofichwa chini yake kitamkohoza mtoto wa watu.

Tukawaeleza wale wapangaji ukweli, wakatafuta kwingine. Kaka alinuna, kisha akachangia bati za mfereji. Tukaondoa udongo nje ya ukuta, tukainamisha ardhi ili maji yaende zake, tukabandua lipu ya saruji mpaka usawa wa kiuno. Kiangazi chote cha Tabora, na upepo wake mkavu, tuliuacha ukuta upumue. Mama alikaa miezi mitatu bila kodi, nasi tukagawana dawa zake. Nailoni ilipotoka kavu, fundi akapiga lipu ya chokaa na mchanga. Sehemu hiyo ya chini nikaipaka chokaa tupu, inayoruhusu unyevu kutoka. Marumaru yangu ikaanzia kiunoni kwenda juu.

Ndugu msomaji, ukipanga kupamba ukuta wako, kabla ya kuchagua rangi anza na kipande cha nailoni.

Mpangaji wetu aliingia Septemba. Kabla hajasifu marumaru nilimwonesha pale chini, nikamsimulia yote. Mvua bado hazijaanza. Tumeahidiana kwamba zikinyesha tutabandika nailoni tena, mimi na yeye tukiwa pamoja, na maji yakionekana, kodi ya mwezi huo itakwenda kwenye ukuta.