Mwaka 2027 na Sekunde Zile Ishirini

Jamani, ratiba yangu ya runinga imejaa hadi 2028, na wala sitanii. Wenzangu huweka kwenye kalenda siku za harusi na siku za kulipa karo. Mimi nimeweka vipindi. Vichekesho vina rangi yake, makala yana yake, michezo ina yake, na mke wangu amekwisha kuniuliza kama pesa za dekoda nazo zina rangi. (Zina. Ni nyekundu.)

Kazi yangu ni kuandika programu, na ugonjwa wa kazi hii ni kwamba unaiona kila mahali. Ukiweka data kwenye kache huwa unaipa muda wa kuishi. Kuna inayokaa mwezi mzima bila tatizo, na kuna inayochacha baada ya dakika moja. Siku hizi kila kipindi ninachokingoja nakipima hivyo: kitachacha lini?

Chukua South Park. (Ni katuni, ila si ya watoto. Ukiiwasha mbele ya wakwe, shauri yako.) Trey Parker na Matt Stone wamekuwa wakiitengenezea stesheni ya Comedy Central ya Marekani tangu 1997, na kinachonivutia hasa ni namna wanavyofanya kazi. Kwa kawaida kipindi kimoja, kuanzia wazo hadi kuingia hewani, huwachukua siku sita hivi. Kuna filamu ya 2011 inayoitwa 6 Days to Air inayowaonyesha wakikesha na kubadilisha mambo hadi dakika ya mwisho. Yeyote aliyewahi kumkabidhi mteja programu saa kumi na moja alfajiri atawaelewa. Oktoba 2013 umeme ulikatika studioni, wakashindwa kumaliza kwa wakati, mara ya kwanza katika miaka yao yote. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kidogo. Kumbe hata California stima hupotea!

Julai 2025 walitia sahihi mkataba wa vipindi vipya 50 kwa miaka mitano, kwa hiyo cha kungoja kipo. Lakini utani wa siku sita huzeeka haraka. Ukiutazama baada ya miezi mitatu unahitaji mtu wa kukueleza aliyekuwa akichekwa ni nani. Si kama Vitimbi. Mzee Ojwang' akianza kuvutana na Mama Kayai unacheka hata leo, maana ugomvi wa nyumbani hauna tarehe.

Makala ndiyo hayana haraka kabisa. Breaking2 ya National Geographic ilitoka 2017, kuhusu Eliud Kipchoge kule Monza alipokimbia marathoni kwa saa 2 na sekunde 25. Nimeitazama mara nne. Najua inavyoisha, najua pia kwamba Oktoba 2019 atakwenda Vienna na kukimbia 1:59:40, na bado viganja vinanitoka jasho. Juni 2025 Faith Kipyegon naye alijaribu maili chini ya dakika nne huko Paris, akapata 4:06 na ushei, na kamera zilikuwepo. Akifika Olimpiki ya Los Angeles 2028 na zile dhahabu zake tatu za mita 1500, lazima kuna mtu atakayetuletea filamu. Hiyo hata ikichelewa mwaka mzima nitaingoja tu, sina neno.

Sasa michezo. Hapo ndipo roho yangu ilipo, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Michezo ndiyo iliyoivuta televisheni ya kulipia hadi ilipo. HBO ilianza Novemba 1972 kwa nyumba 365 tu zilizounganishwa kwa kebo katika mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, na usiku huo wa kwanza walionyesha mechi ya hoki ya barafuni na filamu moja. Mwaka 1975 wakatumia satelaiti kuleta pigano la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila, na baada ya hapo kampuni za kebo kote Marekani zikaanza kununua madishi. Hakuna aliyenunua dishi kwa ajili ya makala ya nyuki. Huku kwetu wengi tuliiruka kebo tukaenda moja kwa moja kwenye dishi la juu ya bati, na sababu ilikuwa ile ile: mpira.

Na mpira ninaoungoja mimi si wa Ulaya. Septemba 2023 CAF iliwapa Kenya, Uganda na Tanzania fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Timu 24, nchi tatu. Mara ya mwisho kwa fainali hizo kuchezwa upande wetu huu wa Afrika ilikuwa Ethiopia, 1976. Kenya ilikuwa imepewa zile za 1996, ikapokonywa, zikaenda Afrika Kusini. Baba yangu alikuwa ameshaanza kuweka akiba ya tiketi. Hajawahi kutueleza pesa zile zilikwenda wapi, ila mwaka ule tulipata ng'ombe wa pili.

Leo baba ana miaka 74 na magoti yake hayatapanda ngazi za Kasarani, wala za ule uwanja wa Talanta ulioanza kujengwa 2024. Tena Desemba 2025 CAF ilitangaza kwamba baada ya fainali za 2028 mashindano yatakuwa kila baada ya miaka minne. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nimeshapiga, sikuipenda. Hii ya 2027 ndiyo yake, na ataiona kwenye runinga.

Yeye anatazama kijijini kwa dishi. Mimi niko Nairobi, natazama kwa intaneti kwenye tarakilishi. Tukitazama mechi huwa tunapigiana simu, tunaiacha wazi, tunalalamika pamoja. Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, Harambee Stars na Madagascar, sare ya 1-1, mikwaju ya penalti. Mimi naona mchezaji wetu anaweka mpira chini, na sikioni baba anasema, "Ah! Amekosa." Nikabaki nikimtazama kijana wa watu akirudi nyuma hatua zake, akivuta pumzi, mimi tayari najua. Tukatolewa 4-3, na mimi nilitolewa kabla ya uwanja wangu kujua.

Hitilafu haikuwepo, mambo yamejengwa hivyo. Satelaiti ya runinga iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na mawimbi kupanda na kushuka huchukua karibu robo ya sekunde. Ongeza sekunde chache za kubana picha na kuifungua. Intaneti ni mambo mengine. Ule mfumo wa HLS ambao Apple waliutoa 2009, na ambao wengi bado wanautumia, hukata video vipande vipande, kisha programu ya mtazamaji inavipakua kama mafaili ya kawaida. Mwanzoni Apple walipendekeza kipande cha sekunde 10, baadaye wakashuka hadi 6. Na programu nyingi hazianzi kuonyesha mpaka ziwe na vipande vitatu mkononi, ili picha isikwamekwame. Sita mara tatu ni kumi na nane. Weka usafiri wa njiani, unapata zile sekunde ishirini na zaidi. Tangu 2019 kuna HLS ya ucheleweshaji mdogo inayokata vipande vidogo zaidi, lakini lazima mwenye mitambo aiwashe, na kuiwasha kuna gharama.

Kwa makala sekunde ishirini si kitu. Kwa kichekesho pia si kitu. Kwa penalti, na baba yako yuko kwenye simu, ni zote.

Nilifikiria kumcheleweshea baba yeye, niandike kijiprogramu, nimwekee kisanduku cha kushikilia picha kwa sekunde ishirini. Kaka yangu akaniuliza, "Na majirani je? Kijiji kizima kikipiga kelele?" Nikanyamaza.

Kwa hiyo nimeomba likizo. Ya Juni na Julai 2027, mapema namna hii, na bosi alidhani naoa tena. Agosti ya mwaka huo ni uchaguzi, kwa hiyo najua kila mapumziko tutauziwa wanasiasa badala ya sabuni, tutavumilia. Dekoda ni ile ile ya baba, kifurushi nitalipa mimi. Nimeulizia bei ya betri ya sola pia, maana stima ya kwetu haihitaji mvua kubwa. Kaka anasema tununue na runinga kubwa zaidi. Baba anasema ile iliyopo inatosha, kinachohitajika ni watu wakae chini, wasimzibe.